Kutoka Safari hadi Hifadhi: Maneno ya Ugeni katika Milima ya Nyandarua

Msafiri atokaye Naivasha, akapanda Kinangop na kuingia msituni kwa lango la Mutubio, kisha akavuka uwanda wa juu na kutokea upande wa Nyeri kwa lango la Kiandongoro, huwa amepita kwa muda wa saa chache katika nchi ambayo msamiati wa Kiswahili haukuumbwa kwa ajili yake. Kwanza huyaacha mashamba ya viazi na kabeji. Halafu huingia katika msitu wa miti mikubwa, na baadaye katika mianzi iliyosongamana hata mwanga wa jua ukawa adimu. Apitapo kimo cha mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari, msitu hukoma. Hubakia nyasi ngumu za vishungi, vichaka vya baridi, na mimea ya lobelia na senesio iliyorefuka kupita kimo cha mtu. Ukungu hushuka bila ya kubisha hodi. Alfajiri maji ya vidimbwi huweza kukutwa yameganda.

Lugha iliyokulia baina ya mikoko na minazi haikuwa na haja ya kuyataja mambo haya, na ilipolazimika kuyataja iliazima. Theluji na jalidi zilitoka Uarabuni. Barafu ilitoka Uajemi. Ama ule uwanda wenyewe ulio juu ya msitu, mpaka leo haujapata jina moja linalokubaliwa na wote. Wako wauitao mbuga, wako wauitao nyika, na wako wanaojitoa lawamani kwa kusema "kule juu" tu. Kila moja la majina hayo lina kasoro yake. Mbuga ni nchi ya tambarare, aghalabu ya chini na yenye majani, ambamo maji ya mvua hutuama. Nyika nayo, katika kinywa cha Mpwani, ni bara kavu la miiba lililo nyuma ya mashamba yake. Hata hivyo yafaa ikumbukwe kwamba huko Malawi jina la Nyika ndilo linalotumika kwa hifadhi ya uwanda wa juu unaofanana sana na huu, kwa hiyo si ajabu neno kupanda mlima likabadilika maana.

Makala haya yanakusudia kuichunguza historia ya ugeni katika milima ya Nyandarua, yaani ni nani waliofika huko, walifika kufanya nini, na waliyaitaje waliyoyakuta. Historia hiyo imekwisha kuandikwa na wataalamu wa siasa, wa misitu na wa wanyama. Walimu wa lugha hawajaigusa sana, ilhali sehemu kubwa ya ugomvi uliopiganwa juu ya milima hii ulikuwa pia ugomvi wa maneno.

Tuanzie jina. Wakikuyu wanaokaa upande wa mashariki waliiita safu hiyo Nyandarua kwa sababu umbo lake, likitazamwa kwa mbali, hufanana na ngozi iliyowambwa ili ikauke. Ni jina la mwenyeji: ni lazima mtu awe amepata kuiwamba ngozi, tena awe anaitazama milima ile kila siku kutoka mahali pamoja, ndipo sitiari hiyo imjie. Wamaasai, waliolisha ng'ombe zao upande wa magharibi na kaskazini, waliacha alama yao katika kilele kirefu kuliko vyote, Ol Donyo Lesatima, chenye mita 4,001. Kile cha kusini, Kinangop, kina mita 3,906. Mlima mmoja ulikuwa na majina mawili bila ya mtu yeyote kuona dhara, kwa kuwa kila jina lilikuwa na upande wake wa kutazamia.

Joseph Thomson, Mskoti aliyetumwa na Royal Geographical Society ya London, alipita huko katika safari yake ya 1883 na 1884. Aliipa milima hiyo jina la Lord Aberdare, aliyekuwa rais wa chama kilichomtuma. Lord Aberdare hakupata kuiona. Jambo ambalo aghalabu husahauliwa katika kisa hiki ni kwamba msafara wa Thomson ulikuwa msafara wa Waswahili. Wapagazi wake wengi walikuwa wametoka Unguja. Na kwa sehemu ya njia alifuatana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa amezoea kwenda nchi ya Wamaasai kutafuta pembe. Kimameta alizijua njia kabla ya mgeni wake. Yumkini basi jina la Aberdare lilitamkwa kwa mara ya kwanza katika kambi ambayo amri zake, matusi yake na mazungumzo yake ya usiku vyote vilikuwa kwa Kiswahili. Lakini lugha hiyo ilitumika kubeba mizigo tu, haikuombwa jina.

Huko ndiko lilikotoka pia neno safari. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili halikuwa na maana zaidi ya mwendo wa mtu atokaye hapa aendako kule, awe mfanyabiashara, mgonjwa anayekwenda kwa mganga, au bibi harusi. Katika karne ya 19 lilihusishwa zaidi na misafara ya bara. Wazungu walipolichukua kutoka kwa wapagazi wao waliling'ang'ania upande mmoja tu wa maana: kwenda porini na bunduki. Safari ya uwindaji ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, iliyofanyika mwaka 1909 hadi 1910 na kumfikisha mpaka Nyeri, ililieneza neno hilo duniani kote likiwa na maana hiyo finyu. Matokeo yake yanajulikana kwa kila mwalimu wa Kiswahili aliyepata kufundisha wageni. Mwanafunzi huja darasani akijua neno moja la Kiswahili, na hilo moja analijua vibaya. Aambiwapo kwamba mpishi wa chuo amekwenda safari Kakamega kumzika shangazi yake, hushangaa ni mnyama gani anayewindwa huko.

Baada ya Vita Kuu vya Pili serikali ya kikoloni ilianza kuzitenga hifadhi za taifa kwa sheria ya mwaka 1945. Hifadhi ya Nairobi ilitangazwa 1946, Tsavo 1948, Mlima Kenya 1949, na Aberdare 1950. Hii ya mwisho ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 767, nyingi zikiwa za uwanda wa juu, pamoja na ulimi mmoja wa msitu unaoteremka kuelekea Nyeri, ambao Waingereza waliupa jina la Salient. Jina hilo ni la kijeshi: ndivyo askari wanavyoiita sehemu ya mstari wao iliyojitokeza mbele kumkabili adui. Halikuchaguliwa kwa ajili ya vita vya msituni, lakini miaka michache baadaye lilikuja kuwafaa waliolitumia.

Ni katika ulimi huo ilipojengwa nyumba iliyoitangaza milima hii kuliko jambo jingine lolote. Mwaka 1932 Eric Sherbrooke Walker, mwenye hoteli ya Outspan mjini Nyeri, alijenga vyumba vichache vya mbao juu ya mti wa mugumo uliokuwa kando ya dimbwi la maji. Akakiita kibanda hicho Treetops, yaani vilele vya miti. Wageni walipelekwa jioni, wakatembezwa hatua za mwisho kwa miguu wakiongozwa na mwindaji mwenye bunduki, wakapanda ngazi, na kukesha wakiwatazama ndovu, nyati na vifaru wakija kunywa maji na kulamba chumvi. Wenyeji wengine walifika huko kuwa wapishi na wabeba mizigo.

Hapana budi kutua kidogo katika mti wenyewe. Mugumo kwa Wakikuyu si mti kama miti. Chini yake sadaka zilitolewa na dua zikaombwa. Haukukatwa ovyo, wala kuni zake hazikuokotwa. Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe chini ya milima hiyo hiyo, ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi mama yake alivyomkanya asiokote kuni kutoka kwa mugumo uliokuwa karibu na nyumbani kwao, na jinsi alivyokuja kutambua baadaye kwamba mizizi ya mti huo iliishika ardhi na kuyalinda maji ya chemchemi. Kwa hiyo hoteli ya mtini ilijengwa juu ya madhabahu. Haielekei kwamba wenye hoteli walikusudia kukufuru, na huenda hilo ndilo baya zaidi, kwa kuwa walipouangalia mti waliona matawi imara tu. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa Treetops alilala usiku mmoja tu, na jembe halikumfikia.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 aliyelala humo alikuwa binti wa Mfalme wa Uingereza, Elizabeth, pamoja na mumewe. Usiku huo huo baba yake, Mfalme George wa Sita, aliaga dunia. Kisa cha binti aliyepanda mtini akiwa mwana wa mfalme na kushuka akiwa malkia kimerudiwa katika kila kijitabu cha utalii cha nchi hii, mara nyingi kikiwa ukurasa wa kwanza. Kilichotokea katika msitu huo huo baada ya miezi minane aghalabu hupewa mstari mmoja, au hakitajwi kabisa.

Tarehe 20 Oktoba 1952 ilitangazwa Hali ya Hatari. Wapigania ardhi na uhuru, ambao serikali iliwaita Mau Mau, waliingia misitu ya Nyandarua na ya Kirinyaga kwa maelfu. Jina hilo lenyewe limezua maelezo mengi. Lile linalopendwa na watu, kwamba ni herufi za mwanzo za maneno Mzungu Aende Ulaya, Mwafrika Apate Uhuru, lina utamu wa kishairi lakini lina dalili zote za maelezo yaliyobuniwa baada ya jina kuwapo. Linalofaa kuzingatiwa na mwanalugha ni kwamba watu walipotaka kulipa jina hilo maana ya heshima, walikimbilia Kiswahili.

Mwaka 1953 misitu hiyo ilitangazwa kuwa eneo lililopigwa marufuku: aonekanaye humo angeweza kupigwa risasi bila ya kuulizwa jina. Hifadhi ya taifa ilikuwa haijatimiza hata miaka mitatu. Hivyo mahali pamoja palikuwa na sheria mbili kwa wakati mmoja. Nyati alikuwa chini ya ulinzi, mtu hakuwa. Baadaye hata huo ulinzi wa nyati ukawa wa karatasi tu, kwa maana kuanzia 1953 hadi 1955 ndege za jeshi la Uingereza, zikiwamo zile kubwa za Lincoln, ziliangusha mabomu katika misitu hiyo, na mabomu hayakubagua. Mwezi Januari 1955 askari wengi walipelekwa kuusaka uwanda wa juu na misitu yake katika operesheni waliyoiita Nyundo. Huku chini, raia wa vijijini, wengi wao wakiwa wanawake, walishurutishwa kuchimba mahandaki kandokando ya msitu na kuyajaza miti iliyochongwa ncha, ili wa msituni wasipate chakula na wa kijijini wasipate habari.

Wapiganaji nao waliijua Nyandarua kwa namna ambayo hakuna mtalii aliyepata kuijua. Katika kumbukumbu zao zilizochapishwa, hasa zile za Karari wa Njama zilizotoka mwaka 1966, msitu si mandhari. Ni nyumba, ni bunge, ni hospitali. Mlio wa ndege aliyeshtuka huwa habari. Mwendo wa kundi la nyati huwa onyo kwamba kuna mtu mwingine. Mianzi ni paa, na ukungu ni rafiki. Mwezi Februari 1954 waliunda huko baraza walilolipa jina la Bunge la Kenya, chini ya Dedan Kimathi, miaka tisa kabla ya Nairobi kuwa na bunge la nchi huru. Vyeo vyao, jenerali, kanali na kadhalika, vilikuwa vya jeshi la mkoloni, ambako wenzao kadhaa walikuwa wametumika. Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, alikuwa amepigana Burma. Na lugha ya jeshi hilo la King's African Rifles ilikuwa Kiswahili. Uwanja huu bado haujachimbuliwa: ni kiasi gani cha istilahi za msituni kilichopita kambi za jeshi na Kiswahili chake kabla ya kuvaa matamshi ya Kikuyu.

Tarehe 27 Mei 1954 wapiganaji waliiteketeza Treetops pamoja na mugumo wake. Waandishi wa wakati ule waliuona moto huo kuwa uharibifu wa watu wasiojua thamani ya kitu. Ukisomwa katika lugha ya mahali penyewe, unaonekana vingine. Nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kuwa kituo cha walinzi wa adui, na ilikuwa imekalia mti ambao hakuna Mkikuyu aliyeulizwa juu yake. Hata hivyo isidhaniwe kwamba kila tendo la vita lina fumbo la kidini. Huenda waliichoma kwa sababu ile ile inayowafanya askari wote wachome kituo cha adui.

Mwisho wa vita hivyo unaonyesha vizuri zaidi yale maneno yalivyofanya. Kimathi alijeruhiwa kwa risasi na kukamatwa alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, ukingoni mwa msitu upande wa Nyeri. Alihukumiwa Nyeri na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwaka uliofuata Ian Henderson, afisa wa polisi aliyeiongoza kazi ya kumtafuta, alitoa kitabu. Na kitabu hicho kilipewa jina ambalo kwa Kiswahili ni Kumwinda Kimathi. Si sadfa. Wengi wa wazungu waliotumwa msituni walikuwa wawindaji au wana wa wawindaji, na walipomwandika mpiganaji walimwandika kwa msamiati waliokuwa nao: nyayo, harufu, maficho, kunusa, kuvizia. Neno safari lilikuwa limekwisha kufundishwa kumaanisha kuua porini. Ilibaki kumbadilisha tu anayeuawa. Ndipo ionekanapo hasara ya lugha kunyang'anywa neno na kurudishiwa likiwa na damu. Mwandishi wa Kiswahili anayevitafsiri vitabu vya aina hiyo hana budi kuamua kama atasema kuwinda, au kusaka, au kutafuta. Katika maneno hayo matatu hakuna hata moja lisilokuwa na upande.

Treetops ilijengwa upya mwaka 1957, safari hii juu ya nguzo, ng'ambo ya dimbwi, ikiwa kubwa mara nyingi kuliko ile ya kwanza. Mwaka 1957 huo huo Kimathi alikuwa amezikwa Kamiti katika kaburi lisilo na alama. Miaka kumi na mitatu hivi baadaye ilisimama hoteli nyingine ndani ya Salient, iliyoitwa The Ark, yaani Safina. Na kwa kuwa Nuhu anajulikana kwa Mwislamu na Mkristo vilevile, hilo ni mojawapo la majina machache ya kigeni katika milima hii ambalo mzee wa kijijini huweza kulieleza. Malkia Elizabeth aliporudi kutazama Treetops mwaka 1983 hakukuta mti wake, wala msitu aliouacha. Ndovu walioletwa na chumvi na maji walikuwa wameikwangua miti ya pale mpaka pakawa peupe. Chumvi iliyowekwa ili mgeni aone wanyama bila ya kuwafuata ndiyo iliyomaliza kile alichokuja kukiona.

Baada ya Uhuru palitarajiwa mabadiliko ya lugha, na baadhi yalikuja. Wilaya ya Nyandarua iliundwa mwaka 1963, na mji uliokuwa ukiitwa Thomson's Falls ukawa Nyahururu. Lakini hifadhi ilibaki na jina la Aberdare mpaka leo. Tena pana kinyume cha mambo: jina la Nyandarua limekwenda kwa kaunti iliyo magharibi, iliyokuwa nchi ya masetla, ilhali Salient pamoja na malango yake imo kaunti ya Nyeri. Kwa hiyo mtalii hufika Aberdare bila ya kujua kwamba amefika Nyandarua, na mkaaji wa Ol Kalou huishi Nyandarua bila ya kufikiri kwamba jina lake ni la ngozi.

Sheria ya mwaka 1976 iliziunganisha hifadhi na idara ya wanyama, na mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya. Hapo safari ilibadili silaha: kamera ikashika mahali pa bunduki. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilianzishwa kwa sheria ya 1989. Katika miaka hiyo Kiswahili kilitafuta maneno yake kwa haraka. Mtalii lilitokana na talii, la asili ya Kiarabu, lenye maana ya kutazama na kuchungua. Ni neno zuri kuliko watumiaji wengi wanavyofahamu, kwani linamtaka anayesafiri ajifunze kitu. National park ilitafsiriwa mbuga ya taifa, pengine kwa sababu hifadhi zilizojulikana kwanza na waandishi wa magazeti na redio zilikuwa za tambarare kama Nairobi, Amboseli na Mara. Tafsiri hiyo ikaenezwa mpaka juu ya milima. Leo mtoto wa shule husoma kuhusu "mbuga ya Aberdare" na "mbuga ya Mlima Kenya", akapata picha ya pundamilia na vumbi. Neno hifadhi, linalopendelewa zaidi Tanzania, halimdanganyi mtu juu ya sura ya nchi. Linasema tu kwamba mahali hapo panatunzwa. Ni afadhali waandishi wa vitabu vya shule nchini Kenya walichague hilo kwa milima, na mbuga wawaachie ng'ombe na nyumbu. Ama uwanda wenyewe ulio juu ya mianzi, "nyika ya juu" inaelekea kutosha.

Katika kuwafikisha Wakenya wenyewe mlimani, sifa kubwa ni ya vilabu vya wanyamapori vya mashuleni, vilivyoanzishwa mwaka 1968. Gazeti lao liliitwa Komba. Ni jambo dogo, lakini kizazi kizima cha wanafunzi kilikutana kwanza na uhifadhi chini ya jina la Kiswahili la mnyama mdogo wa usiku, badala ya nembo ya simba. Hata hivyo kurasa za gazeti lenyewe zilitawaliwa na Kiingereza, na vibao vya hifadhini vilevile. Mwanafunzi wa Nyeri aliyesimama kando ya maporomoko ya Karuru, yanayoshuka mita 273 kwa hatua tatu, aliambiwa kimo chake kwa lugha ya mtihani.

Upande wa wenyeji, neno lililotawala miaka ya karibuni halikuwa utalii bali ua; au, kama linavyotamkwa huko, fensi. Chama cha Rhino Ark kiliundwa mwaka 1988 ili kuwakinga vifaru weusi wa Salient na, kwa upande wa pili, kuikinga mihindi na viazi visiliwe na ndovu. Ua wa umeme uliendelezwa mpaka ukaizunguka safu nzima, urefu wa kilomita zipatazo 400, ukakamilishwa mwaka 2009 mbele ya Rais Mwai Kibaki. Mkulima aliyekesha kwa miaka akipiga madebe anajua faida yake. Ndovu naye amepata hasara ambayo haisemi: ile njia ya kale kati ya Nyandarua na Mlima Kenya imefungwa. Na bongo, swala mwekundu wa milia myeupe ambaye wageni huja kumtafuta kutoka mbali, amebaki wachache mno. Idadi yao porini hukadiriwa kuwa chini ya 100.

Wazee waliokuwa watoto wakati wa Hali ya Hatari wameishi kuona msitu mmoja ukizungukwa mara mbili: kwanza handaki, kisha umeme. Wahifadhi hawapendi ulinganisho huo, na kwa hakika makusudi ya vitu hivyo viwili ni mbali kama mashariki na magharibi. Lakini katika lugha ya nyumbani vyote viwili vinaelezwa kwa kitenzi kimoja, kuzuiwa. Mipango ambayo haikisikii kitenzi hicho huwa na mashaka yake.

Mzozo wa barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru ndio ulioyaleta maneno haya yote pamoja tena. Barabara hiyo, yenye kilomita zipatazo 52, ingeziunganisha kaunti za Nyeri na Nyandarua kwa kukata ndani ya hifadhi. Wanaoitaka husema kwamba mkulima wa Kinangop analazimika kuuzunguka mlima mzima ili afike Nyeri. Wanaoipinga hutaja mianzi, bongo, na maji: mito inayolisha Tana, Malewa uingiao ziwa Naivasha, na mabwawa ya Sasumua na Ndakaini yanayolinywesha jiji la Nairobi. Mwaka 2024 kibali cha mazingira kilitolewa na shauri likafikishwa mahakamani. Msikilizaji wa lugha hakosi kuona kwamba upande mmoja huzungumzia Nyandarua na upande wa pili huzungumzia Aberdare, na kwamba mara nyingi hoja huwa zimekwisha kugawanyika katika jina kabla ya kufika kwenye kilomita. Ihithe, inakoanzia barabara hiyo, ndiko alikozaliwa Wangari Maathai.

Malango ya hifadhi bado yana majina yake yaliyochanganyika. Ukiizunguka utaingia kwa Mutubio, Shamata, Ruhuruini, Wandare au Kiandongoro. Utaingia pia kwa Rhino, Ark na Treetops. Katika orodha hiyo yote hakuna lango hata moja lenye jina la Kiswahili, ingawa ni kwa Kiswahili ambapo askari wa langoni humsalimu kila mgeni, akampa tikiti yake na kumwambia afunge vioo vya gari akipita penye nyani.